Mshale wa oili kuanguka ziro ukipanda Kitonga

Pole kaka kwa huo mshale wa presha ya oili, ila usibadilishe geji kwanza. Mshale wa hiyo Land Rover 109 yako ukianguka ziro mlimani zima injini palepale, angalia stiki ya oili, oili ikipungua pampu inavuta hewa kwenye mwinuko na hapo mshale unasema kweli kabisa. Kama oili ipo, washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wa sensa (kile kifaa cha kupima presha kwenye injini) uguse bodi ya gari sekunde moja tu, mshale ukikimbia kupanda basi geji na waya ni vizima, shida iko kwa sensa au presha yenyewe. Na angalia kama fundi alizungushia nyuzi za sensa ile tepu nyeupe ya bomba, inakata ethi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi), mimi ilinisumbua miezi hapa Mbeya!

Kupata uhakika fungua sensa ufunge geji ya mkono (isiyotumia umeme), injini ikiwa ya moto soma kwenye sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta, na kwenye mizunguko 2000 kwa dakika, kisha linganisha na geji ya dashibodi utie alama. Kwenye vipimo vya presha, bar 1 ni kama psi 14.5 usije ukachanganya. Geji ya mafuta na ya joto nazo zikidanganya pamoja, kagua kile kidude cha kutuliza volti nyuma ya dashibodi.