Saumu ya Ndooni: Majani Tele, Vichwa Hakuna

SWALI: Nilipanda punje za kitunguu saumu kwenye ndoo ya lita 20 hapa Temeke. Mwezi wa nne sasa, majani yamejaa, lakini nikichimba nakuta kitu cha duara kama kitunguu kidogo, ndani hakina punje. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea, dada. Ni joto. Saumu hugawanyika punje ikishapigwa na baridi, ndiyo maana hustawi Mbulu na milima ya Lushoto, si pwani. Ikikosa baridi hutoa tunguu moja tu, kama hilo lako. Limenye upike, ladha ni ileile. Ukipenda, weka mbegu kwenye friji (si friza) wiki 6 hadi 8, upande Mei mwishoni, ila kwa Dar es Salaam hatukuahidi vichwa.

Faida yako iko kwenye majani na mashina mabichi. Toboa ndoo chini matundu sita. Changanya udongo makopo mawili, samadi iliyooza vizuri kopo moja, mchanga kopo moja. Samadi mbichi huunguza mizizi. Chagua punje nene, usizimenye, zichomeke ncha juu, kina cha sentimita 3, nafasi ya vidole viwili. Mwagilia udongo ukikauka juu, basi. Saumu nyingi za ndooni huozea majini: majani ya chini yanageuka njano, na ukivuta shina linang'oka laini, linanuka.

Majani yakifika sentimita 25, kata ukiacha vidole viwili juu ya udongo. Yatachipua tena, ingawa kila mkato huwa mwembamba kuliko uliopita. Ukitaka shina jeupe lenyewe, ng'oa mche mzima.

SWALI: Mashina hayo yanapikwaje?

JIBU: Yakate vipande vya nusu kidole. Sehemu nyeupe ikaangwe na kitunguu maji dakika 3, moto wa wastani. Ikiungua huwa chungu na mchuzi mzima unaharibika. Majani yaingie mwisho, dakika 1 kabla ya kuepua, yabaki kijani. Mashina 6 yanatosha robo kilo ya dagaa wabichi au sufuria ya choroko za nazi. Kwa choroko, tangulia na tui jepesi, majani yaingie pamoja na tui zito.

Usiyaloweke kwenye mafuta na kuyaacha kabatini: vijidudu vya sumu kali huota humo bila harufu yoyote. Yakae kwenye friji, yaliwe ndani ya siku 4.