Re: Nianze na New Spring au kitabu cha kwanza?

Yaya, umeuliza kama uanze na New Spring kwa kuwa kisa chake ni cha miaka kama 20 kabla ya The Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya za kifantasia. Hapana, kiache kwanza. Robert Jordan alianza mfululizo mwaka 1990, hiki akakitoa 2004, baada ya kitabu cha 10, na aliwaandikia watu wanaojua tayari Aes Sedai (wanawake wenye nguvu za uchawi) ni akina nani. Halafu sura za mwanzo tu kuna utabiri: bibi mmoja anasimama ghafla, anapiga kelele kuwa mtoto amezaliwa mlimani, anaanguka, amekufa. Ukishasoma hapo, hamu ya kujua Moiraine, Aes Sedai mmoja, anatafuta nini kule kijijini imekwisha, na ndiyo utamu wa kitabu cha kwanza!

Mimi ningekisoma baada ya cha 5. Hapo Lan, mlinzi wa Moiraine, umeshamzoea, utacheka sana kwenye kidimbwi (sisemi zaidi). Mtihani wa shali (wa kuwa Aes Sedai kamili) unachosha kidogo, vumilia. Cha Kifaransa kinaitwa Nouveau Printemps. Hapa Bukavu sijakiona, hata Kadutu, kwa hiyo mtume mtu anayesafiri.