Re: Diski ya pili haionekani kwenye deskitopu ya zamani

Mkuu, kama diski uliyoongeza inazunguka ila Windows haiioni, usiirudishe kwanza kwa muuzaji wa pale Mwanga. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows kuwaka. Ikiwa haipo hata huko na ni SATA, ile ya waya mwembamba, zima mashine, chomoa umeme, ubadilishe waya na tundu. Matundu mengine huwa yamezimwa humo humo BIOS. Ikiwa ni IDE, ule mkanda mpana wa pini 40, tazama jampa nyuma ya diski, kile kiplastiki kidogo cha kuchomoa kwa kucha: moja iwe master (diski kuu), nyingine slave (ya pili). Zote zikiwa master kwenye mkanda mmoja zitagombana tu.

Ikionekana BIOS, fungua Disk Management, programu ya Windows ya kusimamia diski, uigawe na kuifomati (kuiandaa upya, jambo linalofuta vilivyomo). Ila kama ni ya mtumba na ina picha za watu, usifomati kwanza! Ukiulizwa mtindo wa kuigawa, MBR inatosha, diski isipozidi 2TB.