Safu ya Maswali na Majibu: Mbio za Mtandaoni kwa Ajili ya Vitanda vya Bweni

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mwalimu wa sekondari ya kata wilayani Mufindi. Wasichana wetu wengi wanatoka vijiji vya mbali, na bweni lililojengwa kwa nguvu za wananchi limesimama bila vitanda wala magodoro. Wahitimu wetu wametawanyika. Wapo Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, na wengine wangali huku kwetu wakilima. Mmoja wao amependekeza tuandae mbio za mtandaoni, ambapo kila mtu atakimbia mahali alipo kwa mwezi mzima huku akichangisha fedha. Wenzangu wanauliza mambo mawili: tutajuaje kama mtu amekimbia kweli, na kwa nini mtu alipe fedha ili akimbie peke yake kwenye njia ya kijijini kwake? Tuanzie wapi?

JIBU: Mwalimu, pendekezo la mhitimu wenu ni jema, lakini naomba nianze na jambo ambalo wenzako hawakuliuliza, nalo ni namna fedha zitakavyopokelewa, kutunzwa na kutolewa hesabu. Kwa maoni yangu, katika mbio za namna hii mnaweza kuwa wapole kwenye kilomita, ila kwenye shilingi msilegeze hata kidogo. Mtu akidai amekimbia kilomita sita kumbe ni tano, bweni halipungukiwi kitu. Lakini laki moja ikikosa maelezo, mwaka unaofuata hamtapata wa kuchangia.

Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kukaa kwenye kamati ya matembezi ya hisani hapa Iringa ambayo michango yake yote ilipitia kwenye simu binafsi ya mweka hazina. Mama yule hakuwa mwizi. Alikuwa akiuza viazi, na fedha za wateja wake ziliingia kwenye namba hiyo hiyo. Siku ya kufunga hesabu tuliketi kwenye mkeka tangu saa nane mchana hadi giza likaingia, tukisoma ujumbe mmoja baada ya mwingine na kuulizana kama elfu ishirini fulani ilikuwa ya gunia au ya mchango. Mwishowe zilibaki shilingi 140,000 ambazo hakuna aliyeweza kuapa kuwa ni za nani, na kamati ile haikukutana tena.

Kwa hiyo fungueni akaunti ya benki ya kikundi yenye watia saini watatu, na angalau mmoja wao asiwe mtumishi wa shule. Anaweza kuwa mzazi au kiongozi wa dini anayeheshimika kijijini. Kisha ombeni lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la kikundi, ili anayetuma kutoka Mwanza alione jina hilo kabla hajaweka namba yake ya siri. Kila Jumamosi jioni mweka hazina aweke kwenye kundi la WhatsApp jumla ya wiki, pamoja na orodha ya waliochangia, na asiyetaka jina lake lionekane aandikwe kwa namba tu. Mkuu wa shule na bodi ya shule watoe barua, na nakala zifike kwa mtendaji wa kata, afisa maendeleo ya jamii na afisa michezo wa halmashauri, kwa kuwa mnachangisha kwa jina la shule ya umma na ni vema ridhaa yao iwe ya maandishi kabla shilingi ya kwanza haijaingia.

Sasa nije kwenye swali la kwa nini mtu alipe ili akimbie peke yake. Jibu ni kwamba mkimbiaji hailipii njia. Yeye ni mchangishaji, na kilomita zake ndizo zinazompa sababu ya kuwaendea watu na kuwaomba. Mwezi Aprili 2020, wakati mikusanyiko imezuiwa kwa sababu ya UVIKO-19, mzee mmoja mwanajeshi mstaafu wa Uingereza, Captain Tom Moore, aliamua kutembea mizunguko 100 kwenye bustani ya nyumbani kwake kabla hajatimiza miaka 100. Kila mzunguko ulikuwa wa mita 25, na alitembea akiegemea kifaa cha kutembelea. Ukipiga hesabu, zote pamoja ni kilomita mbili na nusu, umbali ambao mwanafunzi wako anaumaliza asubuhi kabla ya kengele. Mzee yule alilenga kupata pauni 1,000 kwa ajili ya hisani za huduma ya afya ya nchi yake, akapata zaidi ya pauni milioni 32. Fedha hizo zilifika kulikokusudiwa. Taasisi iliyoanzishwa baadaye kwa jina lake, hata hivyo, ilichunguzwa na tume inayosimamia mashirika ya hisani nchini humo, na ripoti ya Novemba 2024 ikaeleza jinsi maslahi ya familia na ya taasisi yalivyochanganywa. Jina hilo lililokuwa limependwa na taifa zima likaanza kutajwa kwa masikitiko, na hata umbali aliotembea mzee haukuweza kulikinga.

Tuchukulie kwamba mmepata washiriki 80, na kila mmoja ameahidi kilomita 50 kwa mwezi. Mkitoza kiingilio cha shilingi 10,000 mtapata 800,000, na mkimpa kila mtu fulana ya shilingi 12,000 mtakuwa mmekwisha kuingia hasara ya 160,000 kabla godoro la kwanza halijanunuliwa. Lakini kila mshiriki akitafuta wadhamini watano, na kila mdhamini akatoa shilingi 200 kwa kilomita, mshiriki mmoja ataleta 50,000 na wote 80 wataleta milioni nne. Hapo ndipo nguvu yenu ilipo. Fulana iwe ya kuagiza kwa anayeitaka na kuilipia pembeni, na cheti kitumwe kwa simu. Wekeni ukomo wa kilomita 50, ili mdhamini ajue tangu mwanzo kwamba deni lake halitazidi shilingi 10,000, na msisubiri mwisho wa mwezi kukusanya. Sote tuliowahi kuwa kwenye kamati za harusi tunajua jinsi ahadi inavyopoa. Ombeni kila wiki sehemu ya wiki hiyo.

Kuhusu ushahidi, mwenye simu janja atumie programu ya kupima umbali, kama vile Strava, na atume picha ya skrini yenye tarehe na kilomita. Waelekezeni washiriki, hasa akina dada, wafiche mahali wanapoanzia na kumalizia, kwa sababu ramani ya mtu anayekimbia kila alfajiri humwonyesha hata asiyemjua mlango wa nyumba yake ulipo. Zaidi ya hapo msiwe mahakama.

Ili watu wasijione wapweke, wagawanyeni kwa mwaka waliohitimu, timu nane za watu kumi kumi. Timu moja ikitimiza kilomita zake itakuwa na 500, ambazo zinatosha kutoka Iringa, kupita Ifunda, Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala hadi Mbeya, na kuendelea mpaka Tunduma mpakani. Mratibu akitangaza kila jioni kwamba timu fulani imelala Makambako na nyingine ndiyo kwanza inaitafuta Mafinga, mtaona watu wazima wakitoka nje saa kumi na moja alfajiri kwa sababu hawataki kuachwa.

Safari hiyo ibaki ya kwenye simu tu. Asiwepo wa kukimbia pembeni ya barabara kuu ya malori, na kwenye barabara ndogo mkimbiaji akae upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Mwezi nawashauri uwe Agosti: mvua zimeisha, baridi kali ya Juni na Julai imeanza kupungua, na wazazi wamevuna.

Neno moja zaidi, Mwalimu. Msiweke picha za wasichana wenu wakiwa wamelala sakafuni ili watu wawaonee huruma. Wekeni picha ya bweni tupu, na bei ya kitanda kama fundi wenu alivyoiandika. Mkishanunua, wekeni risiti.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mama wa Uyole, Mbeya. Kikundi chetu cha akina mama kimealikwa kwenye mbio za mtandaoni za kuchangia wodi ya wazazi. Simu zetu ni za batani na wengi wetu hatuwezi kukimbia. Je, tunaweza kushiriki?

JIBU: Marahaba, mama. Mnaweza, na kutembea kuhesabiwe sawa na kukimbia. Mratibu akikataa, mwonyesheni habari ya yule mzee wa bustanini. Tafuteni uwanja wa mpira ulio karibu na muupime kwa tepu ya fundi ujenzi. Ukiwa na urefu wa mita 100 na upana wa mita 60, mzunguko mmoja ni mita 320, na mizunguko 16 inazidi kidogo kilomita tano. Mama mmoja apumzike siku hiyo, akae kwenye kona akiwa na daftari, na kila mwenzake anapompita amwekee alama mbele ya jina lake. Mkimaliza, kijana mwenye simu janja aupige picha ukurasa huo na kuutuma kwa mratibu kabla hamjatawanyika, na daftari lenyewe libaki kwa katibu wa kikundi hadi hesabu za fedha zifungwe.