Dripu, vigae na nyota: hospitali nzuri utaijuaje?

Mama Nesi anajibu maswali yenu ya mwezi huu

Shikamoo Mama Nesi. Mwanangu ana miaka mitatu, alichemka usiku kucha, asubuhi nikampeleka zahanati ya mtaani wakampima MRDT ikatoka hana malaria, nesi akampa panadol ya maji tu akasema mnyweshe maji sana na urudi kesho kama homa haijashuka. Sikuridhika. Jioni nikampeleka hospitali ya kulipia, AC, vigae vinang'aa, wakamtundikia dripu, sindano mbili, antibayotiki na dawa ya malaria juu, bili elfu themanini na tano. Kapona. Baba watoto anasema tumepigwa, mi nasema nimepata huduma bora. Nani yuko sahihi? – Mama Wawili, Morogoro

Marahaba mwanangu, pole na kuuguza. Baba watoto kashinda, ila sio kwa sababu ya bei, maana zipo za kulipia zinazofanya kazi nzuri sana.

Kuna bwana mmoja alizaliwa Beirut akafundisha Marekani, Avedis Donabedian, mwaka 1966 aliandika kwamba ukitaka kuupima ubora wa matibabu angalia vitu vitatu: kilichopo pale (majengo, watu, dawa, vifaa), kinachofanyika kwa mgonjwa, na kinachotokea baada ya hapo. Mpaka leo wanaopima huduma wanaanzia humohumo. Sasa wewe umeangalia cha kwanza, tena kwa pembeni, kwasababu kigae sio kipimajoto. Halafu ukarukia cha tatu, kapona. Homa nyingi za watoto wadogo zinaletwa na virusi na zinaisha zenyewe, ungempa hata uji wa ulezi angepona na ungeusifia uji. Kilichobaki ndo cha katikati, na hapo ndo penye utamu wote.

Jiulize, kule jioni kuna mtu alimfunua kifua mtoto akahesabu pumzi zake dakika nzima? Kwa umri wake pumzi 40 kwenda juu kwa dakika ni za haraka, hiyo inaweza kuwa nimonia. Kuna aliyeuliza kama ananyonya au kunywa, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, kama amelegea haamki vizuri? Hayo maswali hayahitaji AC. Na dawa ya malaria kwa mtoto ambaye kipimo kimesema hana, kama hawakurudia kupima, hilo ni kosa, WHO toka 2010 inasema pima kwanza ndo utibu. Dripu kwa mtoto anayekunywa mwenyewe haimwongezei kitu zaidi ya kuchomwa. Yule nesi wa asubuhi alipima, akaamini kipimo chake na akakupa siku ya kurudi, kama aliuliza na yale maswali mengine basi ulipata huduma bora kwa bei ya panadol na hukujua.

Sista habari za kazi. Mimi ni mganga mfawidhi wa zahanati. Kila robo tunagawa dodoso la kuridhika na karibu wateja wote wanaweka tiki kwenye "nimeridhika sana", lakini wajawazito haohao wanaohudhuria kliniki kwangu wakifika siku zao wanapita mlangoni wanaenda kujifungulia mjini. Nipime kitu gani? – Mfawidhi, Singida

Dokta, kipimo umeshakipata, ni hao wanaopita mlangoni. Miguu ya mtu haijazi dodoso.

Angalia na nani anauliza. Kama ni nesi mwenye sare, pale getini, mama kabeba mtoto na mwezi ujao anarudi kwenye chanjo, unategemea akwambie nini? Acha kuuliza kuridhika, uliza kilichotokea. Ulielezwa hii dawa unakunywaje? Kuna mtu alikufokea? Uliambiwa ununue glovu? Na aulize mtu asiye wa zahanati, mkiwa mbali na geti.

Kuhusu nyie wenyewe, kuna utafiti ulifanyika Arusha ukatoka 2006, Leonard na Masatu, walikaa pembeni ya waganga wakiwa wanaona wagonjwa. Watafiti walipoingia tu kazi ikawa nzuri ghafla, maswali yanaulizwa, mgonjwa anapapaswa vizuri, halafu baada ya wagonjwa kadhaa mganga akazoea wageni akarudi kwenye kawaida yake. Kwahiyo walijua cha kufanya, ila hawakuwa wanakifanya. Ndo maana mimi semina peke yake siiamini sana, japo chai yake huwa nzuri.

Fanya hivi, chagua kitu kimoja, kwa mfano sindano ya kuzuia damu kutoka ambayo mama anatakiwa achomwe ndani ya dakika moja mtoto akishatoka. Kila mwezi chukua kumbukumbu za akina mama ishirini kwenye MTUHA, yaani zile rejista za kituo, usiokote zile za juu tu, ruka kwa hesabu. Waliochomwa kwa wakati weka juu, wote ishirini weka chini, chora nukta ukutani pale wanapokunywa chai wauguzi, mwezi unaofuata chora nyingine. Miezi sita utaona mstari unaenda wapi na hamna atakayekudanganya, sio mimi wala wakaguzi wa wilaya.

Ila rejista nayo inadanganya, nakiri. Wodi moja niliyofanya kazi zamani, patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, tulikuwa tunaijaza akiwa ameshajifungua na amekunywa na mtori, mapigo ya moyo ya mtoto kila nusu saa yamepangika kama shanga, wakaguzi wakatusifu. Kwahiyo mara mojamoja simama leba mwenyewe uone kwa macho, tena usimame muda mrefu mpaka wakuzoee, kama wale wa Arusha.

Mambo vipi Mama. Kituo chetu cha afya mwaka mzima hakijafiwa na mgonjwa hata mmoja, hospitali ya mkoa kila siku vilio. Kwanini serikali isione kwamba kituo chetu ndo bora? Na zile nyota zilisema nini? – Kijana wa Mbeya

Salama mjukuu. Hao wanaofia mkoani wametoka wapi? Kwenu! Mnawapa rufaa wakiwa hoi, tena mnasaini. Vifo ni lazima kuhesabiwa, lakini huwezi kulinganisha anayepokea mafua na anayepokea ajali za malori bila kuangalia nani alifika akiwa na hali gani. Linganisha na wa saizi yako, au jilinganishe wewe na wewe wa mwaka jana.

Mfano mzuri upo hapahapa nchini. Kati ya 2007 na 2008 hospitali nane duniani zilijaribu karatasi ya WHO ya kuhakiki upasuaji, mojawapo ikiwa Ifakara, wengine London, Toronto, Manila huko. Kabla ya kisu timu inasema kwa sauti jina la mgonjwa, wanapasua wapi, antibayotiki imetolewa au bado. Kwa hospitali zote nane kwa pamoja vifo vilishuka toka 1.5% mpaka 0.8% na madhara mengine toka 11% mpaka 7%. Pale hesabu ilikuwa na maana kwasababu ni hospitali zilezile, kabla na baada.

Nyota ambazo serikali inavipa vituo vya afya kwa ubora wake zilianza 2015, kuanzia sifuri mpaka tano, na raundi ya kwanza karibu theluthi moja ya vituo viliambulia sifuri. Zilisaidia, watu walishtuka, vyoo vikajengwa. Lakini nyota ni picha ya siku wakaguzi walipokuja, na siku hiyo hata kuku wa mfawidhi wanafungiwa.

Foleni ya masaa manne, huo nao ni ubora? – Mkereketwa, Tanga

Ni ubora mbovu. Wamarekani mwaka 2001 walitaja mambo sita, na kutomchelewesha mgonjwa ni mojawapo, pamoja na usalama, tiba inayofanya kazi, kumheshimu mgonjwa, kutopoteza rasilimali na usawa. Ila "masaa manne" haimsaidii mtu kurekebisha kitu. Ukienda tena andika nyuma ya kadi saa uliyofika mapokezi, saa ya kuingia kwa daktari, ya kutoka, maabara, dirisha la malipo, dirisha la dawa. Waombe na majirani watano wafanye hivyohivyo. Mara nyingi unakuta daktari ni dakika chache tu, masaa yote yameliwa na dirisha moja lenye mtu mmoja. Hiyo karatasi mpelekee mwenyekiti wa kamati ya kituo mkononi, usiitumbukize kwenye sanduku la maoni. La kwetu lilifunguliwa mara moja tu nikiwa pale, tukakuta kadi ya bima ya mtu na buibui.