Kamera za waifai zimeua intaneti ya nyumbani, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi fundi. Niko Ujiji, Kigoma, nimefungiwa kamera nne za waifai, getini, dukani, barazani na uani kwenye banda la kuku. Picha ziko safi ila toka zimefungwa vidio koli na baba watoto aliyeko Dar inakatakata na bando la mwezi haligusi hata wiki. Rauta yangu ni ya laini ya 4G. Kijana aliyefunga anasema ninunue bando kubwa. Ni kweli? Mama Duka.

JIBU: Mama Duka pole sana, hiyo hela ya bando kubwa usiitoe kwanza. Tatizo lako naliona kwenye kupandisha, yaani kutuma data kwenda mtandaoni. Tukisema intaneti ina spidi huwa tunamaanisha kushusha, kuangalia vidio na kadhalika, kumbe kamera yenyewe inapandisha, na laini za 4G kwa kawaida zinapandisha taratibu kuliko zinavyoshusha. Kamera moja ya 1080p (picha ya HD) ikirusha mfululizo inaweza kula kama megabiti 2 kwa sekunde, piga hesabu ya saa 24 unapata karibu GB 22, na hiyo ni moja tu, wewe unazo nne! Hapo vidio koli itapita wapi?

Ingia kwenye apu, kamera moja moja, uangalie kama inarekodi klaudi muda wote, yaani inatuma kila kitu kwenye seva za mtandaoni. Kama ndivyo, zima. Weka memori kadi, kamera nyingi zina tundu lake chini ya kifuniko kidogo cha mpira, GB 64 kwa spidi hiyo inatunza kama siku 3 kisha inafuta za zamani yenyewe. Kurekodi kwenye kadi hakuli bando, litaliwa zaidi pale ukiwa nje ya nyumba unachungulia kwa simu. Ile ya getini tu iachie itume klaudi vipande vifupi mtu akipita, maana mwizi akiing'oa anaondoka na kadi yake. Ya kuku usiifanye hivyo, kuku hawatulii, itatuma kutwa nzima.

Halafu kuna jambo mafundi wengi wanaliruka. Kamera iliyo mbali, waifai ikiwa inapita kuta za tofali za kuchoma na geti la chuma, inapata mawimbi hafifu hivyo inatuma polepole, na ikiwa inatuma vifaa vingine vyote kwenye chaneli ile (njia ya mawimbi ya waifai) vinasubiri, kwa hiyo kamera moja dhaifu inachelewesha nyumba nzima hata bando likiwa limejaa. Sogeza rauta iwe katikati ya nyumba na juu kidogo, au hiyo ya getini ivutiwe waya kama ina tundu la kebo. Rauta yako ikiwa na waifai ya mawimbi ya 5 GHz, simu na tivii zihamie huko, kamera zibaki 2.4 GHz maana kamera nyingi hazikamati 5 GHz, na chaneli chagua kati ya 1, 6 na 11, ile ambayo majirani hawajaijaza.

Ukija kuongeza kamera, nunua seti yenye rekoda (kisanduku kinachohifadhi vidio za kamera) inayotoa waifai yake, kamera zinaongea na rekoda na rekoda inaingia kwenye rauta kwa waya mmoja.

Anza leo usiku, chomoa ya getini peke yake kisha piga vidio koli Dar. Ikitulia, umeshampata mchawi. Na paswedi iliyokuja na kamera ibadilishe, kijana aliyefunga bado anaijua.