Maswali ya Wasomaji: Kugombea Ujumbe wa Bodi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanasayansi wa chakula katika maabara ya kiwanda cha kusaga nafaka, na nimechukua fomu ya kugombea ujumbe wa bodi ya chama chetu cha kitaaluma. Nijieleze vipi kwa wapigakura? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wote wana shahada, kwa hiyo orodha ya vyeti haitakutofautisha nao. Eleza kazi moja kwa kina. Ikiwa umeshughulikia sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye nafaka, andika namna unavyochukua sampuli kutoka magunia mengi, kwa kuwa sumu hiyo hujikusanya katika punje chache, na namna unavyoyakataa mahindi yanayozidi mikrogramu 10 kwa kilo, kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki. Wanaokumbuka kwamba mwaka 2004 sumukuvu iliua watu 125 nchini Kenya wataelewa mara moja unasimamia nini.

Hata hivyo, bodi si maabara. Hupitisha bajeti na kusimamia maadili ya wanachama. Soma katiba ya chama na hesabu zilizokaguliwa, kisha taja jambo moja utakalolipigania, kwa mfano mafunzo kwa wasagishaji wadogo, ambao mara nyingi hawana kipimo chochote.

Ninalolisisitiza zaidi ni hili: tangaza mapema kwamba umeajiriwa na kiwanda, na uahidi kutoka kikaoni kila linapojadiliwa suala linalomgusa mwajiri wako. Ukinyamaza, wapinzani watalisema wao, tena si kwa wema. Omba pia ruhusa ya mwajiri kwa maandishi, kwa sababu vikao vinaweza kuangukia siku za kazi.